Sikio la Karani

Kituoni, 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usinijibu "halijambo" kama kawaida yako. Niambie kama unapanda ngazi za mlangoni bila kushika ukuta. Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama, na sababu yake ndiyo barua hii.

Tumepewa msitu. Ule wa juu ya nyumbani, Baba, ule mliotukataza kwenda kuokota kuni tukiwa wadogo. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kulea paka-mwitu ndani ya nyavu, tumeruhusiwa kuwarudisha porini. Ni watano tu: majike watatu na madume wawili. Waliobaki hapa ni wazee au wagonjwa. Wakubwa wametuambia waziwazi kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Tukishindwa, kituo kinafungwa, na paka hawa watamalizia maisha vizimbani, mmoja baada ya mwingine, mpaka waishe.

Unajua adui yetu ni nani? Si jangili, wala si njaa. Ni paka wa nyumbani. Kule msitu wa mashariki waliwaachia kumi na wanane, na hakuna hata mmoja aliyepigwa risasi. Walipandana na paka wa vijijini, wakazaa machotara, machotara wakazaa machotara wenzao. Baada ya miaka minane msitu ulikuwa umejaa paka, lakini paka-mwitu hakuna. Wameisha huku wakizaana, Baba. Hilo ndilo linalonifanya nikeshe macho wazi.

Kwa hiyo kabla ya Juni kila paka wa kijijini kwetu lazima ashughulikiwe: madume wahasiwe, majike wafungwe kizazi. Daktari wa mifugo atakuja na wenzake kwa wiki moja. Paka hupigwa sindano ya usingizi, na akiwa bado amelala hukatwa ncha ya sikio la kushoto, robo sentimita tu, ili hata kwa mbali, hata kwenye picha za kamera tutakazofunga mitini, tujue kwamba huyu tayari.

Nakuomba umpeleke Karani. Usipompeleka, watu watasema binti wa fundi anahasi paka wetu na wa baba yake anamwacha. Najua ni paka wa Mama. Ndiyo maana nimekuomba mwenyewe, sikumtuma mtu.

Barua zangu atakuletea dereva wa mradi anapokuja huko, naye umpe majibu. Simu tunaijua mwisho wake: "eh? eh?" mpaka tunachoka wote wawili.

Binti yako, kitinda mimba


Nyumbani, 18 Februari

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Goti: nashika ukuta. Umefurahi sasa? Macho bado yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani, ila asubuhi tu, jua likiwa limeingia vizuri chumbani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, Karani akisikiliza. Alipochoka akaenda kulala juu ya karatasi zangu za vipimo, palepale anapolala siku zote akijifanya anazikagua. Mama yako hakukosea jina.

Kumbe nimekusomesha miaka yote hiyo uje uwe mshenga wa paka! Wenzako wanaleta wachumba nyumbani, wewe unapeleka kimburu msituni. Ndiyo, sisi tuliwaita kimburu. Babu yako alikuwa akiwaona kijitoni asubuhi; mimi nimewahi kuona ngozi tu. Basi, nimeacha utani. Nimekuelewa, na nimeona hata mwandiko wako ulivyokuwa ukikimbia.

Mwenyekiti wa kijiji amenipa kazi ya kuandika orodha ya paka, kwa kuwa hakuna nyumba ambayo sijaingia na tepu yangu ya kupimia. Nimefikisha arobaini na saba. Mke wa mwenye duka alimficha wa kwake chini ya kitanda, paka mwenyewe akalia, tukacheka wote. Kila mtu ananiuliza, "Fundi, na wako je?" Nawajibu kwamba wangu ndiye wa kwanza kwenye orodha, na kweli nimemwandika wa kwanza.

Ila niulizie kwa daktari: hiyo sindano ya usingizi inamfaa paka wa miaka tisa? Yupo anayelala asiamke? Si kwamba naogopa. Nauliza tu.

Baba yako


Kituoni, 11 Aprili

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya cha wiki saba. Sikupata nafasi hata ya kuchana nywele. Homa iliingia vizimbani. Tulimpoteza jike mmoja, na wiki iliyofuata akafuata wa pili, huyo alikufia mikononi mwangu. Amebaki jike mmoja tu, Namba Nne, na wale madume wawili. Nilitakiwa niwe kijijini daktari alipokuwa akifanya kazi, sikuweza kuondoka. Wewe ndiye uliyekuwa macho yangu.

Daktari ameniletea orodha yako. Arobaini na saba kwa arobaini na saba, kwa mwandiko uleule wa kwenye daftari lako la vipimo. Siku ya mwisho walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu masikio, na hesabu ikatimia. Nililia, Baba, sioni haya kukwambia. Amenieleza pia kuhusu paka wa mwenye duka aliyelala asiamke. Mpe yule mama pole yangu. Nimekumbuka pia kwamba swali lako la Februari sikulijibu, na nimeona aibu. Namshukuru Mungu Karani aliamka.

Tutamwachia Namba Nne na madume wake tarehe 10 Juni. Hakuna wa akiba. Yeye ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho.

Binti yako


Nyumbani, 19 Juni

Mwanangu,

Umefika salama? Ulikuwa unakohoa wakati unaondoka, na ile sweta niliyokushonea kiwiko umeisahau kwenye kiti. Mimi naendelea, chakula nakula, usimwamini jirani akikwambia nimekonda.

Ulipofungua kile kisanduku nilisimama nyuma ya watu, lakini nilimwona. Alitoka taratibu, akasimama kama mgeni asiyeoneshwa pa kukaa, kisha akaingia kwenye majani na ule mkia wake mnene wenye pete nyeusi. Ukanifuata kule nyuma, ukaniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Tuliporudi nyumbani ukamkuta Karani ukutani, ukamshika lile sikio, ukamwambia, "Pole babu, na asante." Nilikuwa na neno la kukwambia wakati ule. Dereva akapiga honi.

Nikuulize kama mwanafunzi. Hivi paka mmoja, mmoja tu, akiwa amebaki mzima kijijini, anaweza kuharibu kazi yote? Tuseme alisahauliwa. Tuseme ni mzee. Nauliza kwa sababu watu hapa wanabishana.

Karani siku hizi anapotea siku mbili tatu. Nilimfungia chumba cha kushonea, akachana kitambaa cha sare za shule cha watu na kutoka dirishani.

Baba yako


Kituoni, 6 Julai

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, sweta mpe dereva.

Jibu la swali lako: mmoja anatosha. Tungekuwa na majike ishirini ningesema potelea mbali. Tunaye mmoja. Kama unamjua paka yeyote aliyeachwa, niambie upesi, daktari atakuja siku hiyohiyo hata kwa pikipiki. Hakuna atakayelaumiwa. Nakuomba sana.

Nimekazana hivi kwa sababu dume wa kwanza amegongwa na lori, na wa pili amevuka mlima. Kola yake ya redio tunaisikia kwa mbali, halafu hatuisikii tena. Kila asubuhi tunawasha mitambo tukiomba awe amerudi.

Kamera ya kijitoni nayo imetuletea picha ya ajabu. Namba Nne anakunywa maji, na hatua tano nyuma yake amekaa Karani, kifua mbele, kama mtu aliyeleta posa. Ofisi nzima iliganda. Tulipoikuza picha tukaona sikio limekatwa. "Huyo babu hana lake," daktari akasema, tukacheka mpaka machozi. Ndicho kicheko pekee tulichopata mwezi huu.

Binti yako


Kituoni, 24 Septemba

Baba! Baba!

Shikamoo mara nne, maana ni wanne! Namba Nne amezaa. Kamera imemwonesha akiwahamisha mmoja mmoja kwa mdomo, wanne wenye michirizi, wazima kabisa. Tangu enzi za Babu hakuna paka-mwitu aliyezaliwa katika msitu ule. Kumbe dume alirudi! Betri ya kola yake itakuwa imekufa, akarudi kimyakimya kutimiza wajibu wake, na sisi huku tunamlilia.

Hukuijibu barua yangu ya Julai, nikahofu unaumwa, ila dereva anasema upo na unashona. Basi nijibu hii. Tarehe 15 Oktoba wakubwa wote watakuja kijijini. Tumeokota nywele za watoto pangoni tukazipeleka maabara, ni utaratibu tu, nao wanasubiri karatasi hiyo ili watie sahihi tuendelee miaka mitano mingine. Miaka mitano, Baba. Nataka ukae mstari wa mbele. Vaa lile koti la kijivu.

Binti yako


Nyumbani, 2 Oktoba

Mwanangu,

Leo sina utani. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Usiwaite wageni. Wale watoto ni wa Karani.

Hakuhasiwa. Siku ya tatu nilikuwa kwenye foleni na kikapu changu, na mbele yangu alikuwa mke wa mwenye duka. Walimlaza paka wake mezani, wakamaliza kazi, wakamweka kwenye mkeka na wenzake ili waamke. Wenzake waliamka. Yule mama akawa anamwita, anampuliza puani, anamwita tena. Nikasema nakwenda kunywa maji, nikaondoka na kikapu.

Miezi ile ya mwisho ya Mama yako hukuwapo, ulikuwa kwenye mitihani, na sisi wenyewe tulikuzuia usije. Kwa hiyo hujui. Aliposhindwa kusema na kumeza, kiungo kilichobaki na nguvu kilikuwa mkono wa kulia, na mkono huo ulishinda mgongoni mwa Karani kutwa nzima. Siku mkono ule uliposimama nilijua kwa sababu Karani aliinua kichwa akanitazama. Ningemlazaje mezani, mwanangu? Nilishindwa.

Nilimkata sikio mimi mwenyewe. Nilichukua mkasi mdogo wa matundu ya vifungo, nikauchemsha, nikapima robo sentimita kwa tepu. Maisha yangu yote ni kukata, sikupinda hata kidogo. Alinikwaruza mpaka kwenye kiwiko, nikawaambia watu ni waya wa uzio. Wahesabu masikio walipopita, wakatazama sikio, wakatazama orodha, wakanipa mkono. Nani angemshuku mwandishi wa orodha?

Kisha nikanyamaza. Uliponiandikia kwamba hakuna atakayelaumiwa, niliandika jibu nikalichana. Nikajiambia amezeeka. Nikajiambia dume atarudi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha, na anayeumbuka ni wewe.

Niambie la kufanya. Nitafanya lolote.

Baba yako


Nyumbani, 30 Oktoba

Mwanangu,

Tarehe 15 imepita na hakuja mtu. Dereva amepita mara mbili mikono mitupu. Nikamuuliza kama unaumwa, akasema, "Hapana, yupo kazini." Nikamuuliza kama unakula, akaangalia usukani.

Namfunga Karani kamba mchana. Kila jioni yule jike anashuka mpaka kwenye ukuta wetu na wanawe nyuma. Nawaona wazi kupitia dirisha la jikoni. Mmoja ana soksi nyeupe kama baba yake.

Nitukane basi, lakini andika.

Baba yako


Kituoni, 12 Novemba

Baba,

Barua yako niliipata kabla ya majibu ya maabara. Nilikaa nayo mfukoni siku sita nikiomba maabara ikufanye muongo. Haikukufanya.

Wakubwa walitaka kumfukuza daktari, kwa kuwa sahihi yake ndiyo iko chini ya orodha. Sikuwa na namna. Niliwasomea barua yako. Nilipofika kwenye mkono wa Mama nilishindwa, mwenzangu akaimalizia. Daktari amebaki. Kituo kinafungwa mwisho wa mwaka.

Machotara hawaruhusiwi kubaki msituni. Tumepewa mpaka tarehe 30 mwezi huu kuwakamata wote wanne pamoja na Namba Nne. Baada ya hapo askari wataingia na bunduki, na kwa mbali hawataweza kumtofautisha mama na wanawe. Tumetega mitego sita, mara tatu. Hanasi. Amekulia kizimbani, anaujua mlango wake.

Anapoingia kwa hiari yake ni kwako tu. Kwa hiyo dereva atakuletea vizimba. Karani utamweka kwenye kile kidogo, ukisukume mpaka mwisho ndani ya kile kikubwa, na kikubwa ukiache wazi. Mlango unaanguka wenyewe akikanyaga ubao. Usisimame karibu. Usimwite.

Namtafuta mtu mwingine wa kumwomba kazi hii, na sina. Akipigwa risasi, Baba, ndiye wa mwisho mwenye uwezo wa kuzaa. Mwache awe hai tu, hata kizimbani, hata kama hatazaa tena na yeyote. Sitaki kitu kingine kutoka kwako.


Nyumbani, 30 Novemba

Mwanangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Mimi nimeitikia hivyohivyo: marahaba. Dereva hapiti tena, kwa hiyo hii naituma kwa basi.

Ulipokuja juzi hukuniuliza ilikuwaje, basi nakuandikia. Watoto waliingia wawili siku ya tatu, na wawili siku ya tano. Yeye alikuwa akifika, anakizunguka kizimba, anaondoka. Nilikaa jikoni kwenye kigoda, goti limevimba, sikuthubutu hata kukohoa. Siku ya tisa, mchana, mvua ikinyesha, Karani alimwita. Sikujua kama paka ana sauti ile. Akaja amelowa, akaingia bila kutazama mlango, na mlango ukaanguka. Alijirusha mpaka pua ikatoka damu. Baadaye akatulia akawa ananiangalia, nami nikatoka nje nikakaa kwenye mvua.

Niliwaweka wote chumba cha kushonea. Watoto walikula. Yeye nilimpa kuku, nikampa samaki, nikampa ini. Akageukia ukuta. Siku nne hakugusa kitu, na mbavu nikaanza kuzihesabu.

Halafu mkaja. Daktari alimhasi Karani palepale, juu ya meza yangu ya kukatia. Alilala dakika ishirini akaamka. Dakika ishirini, mwanangu, ndizo nilizozikimbia.

Wewe ulivaa glovu, ukasoma namba za vizimba, ukaandika. Nilikuwa nimekutengea kiti. Mlipomaliza kupakia ulinipa karatasi nitie sahihi, ukasema, "Asante, mzee." Kijiji kizima kinaniita mzee, na naitika. Siku ile nilishindwa kuitika. Nilibaki nimesimama mlangoni mpaka gari likapotea kwenye kona, na jirani akaja kunishika mkono akidhani ni goti.

Sikuombi msamaha, najua hauko karibu. Huku watu wanapita wananipa pole kana kwamba nimefiwa. Nakuomba neno moja tu, usiandike hata salamu kama huwezi. Anakula?

Baba yako


Kituoni, 6 Desemba

Baba,

Amekula leo, mwenyewe, bila dripu. Nusu ya kuku.

Barua nyingine bado siwezi kuiandika.

Binti yako